Kicheko cha Mtumwa Kitabuni

Chwaa. Kimya. Chwaa tena.

Latrice aliusikia mlio huo kabla hakujapambazuka, akipapasa kutafuta viatu vyake vya kazi. Akawasha taa chumbani kwa mwanawe. Nyla, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa kitandani anachana kitabu cha shule.

"We Nyla! Umeingiwa na nini?"

"Shule siendi tena, Mama."

Ikabidi abembelezwe ndipo aseme. Darasani walikuwa wakisoma riwaya ya zamani. Ndani yake mna mtumwa anayechekacheka mbele ya bwana wake kutwa nzima. Mwalimu Pruitt aligawa sehemu za kusoma kwa sauti. Ya mtumwa akampa Nyla.

"Sasa wananiita jina lake, Mama. Kwenye foleni ya chakula wananiambia, 'Hebu tuchekee kidogo!'"

Jioni Latrice alivuka barabara na vipande vya kitabu mkononi. Jirani yake, Bi Ozella, alitunza nyaraka za kale za mji wao wa Natchez, kusini mwa Marekani, kwa miaka thelathini.

"Nataka kitabu hiki kiondolewe shuleni, Bi Ozella."

"Kikiondolewa, kicheko kitabaki vichwani mwao. Keti, mwanangu. Mwandishi kasema yake. Sasa tumwite shahidi."

Akatoa nakala ya tangazo la gazeti la mwaka 1838. Latrice akasoma polepole: "Ametoroka mtumwa wangu, Prince. Hucheka akisemeshwa. Mgongoni ana makovu ya mjeledi. Nadhani amemfuata bintiye, niliyemuuza."

"Mungu wangu! Anacheka, na mgongo uko hivyo?"

"Asipocheka, anachapwa. Na hayo kaandika bwana mwenyewe, si sisi watu weusi. Wanahistoria wamekusanya matangazo kama hili kwa maelfu. Kitabu kisomwe, lakini hili liwe kando yake."

Kesho yake Latrice alilipeleka tangazo shuleni. Mwalimu Pruitt alilisoma amesimama mlangoni mwa darasa. Uso ukamshuka.

"Nimekifundisha miaka tisa," alisema. "Sikuwahi kuuliza kwa nini anacheka."

Jumatatu Nyla alirudi, kitabu kimeungwa kwa utepe wa gundi. Latrice aliketi nyuma ya darasa na sare yake ya kazi. Safari hii mwalimu hakumpa mtoto yeyote sehemu ya mtumwa. Alisoma mwenyewe, kisha akagawa tangazo.

Mvulana mmoja akaanza kucheka. Akafika penye binti aliyeuzwa. Akanyamaza.

"Basi, kwa nini alikuwa anacheka?" mwalimu akauliza.

Nyla akasimama.

"Alikuwa anaogopa."