Namba Iliyoshuka

Walikutana kwenye kliniki ya wanyama, asubuhi ya vurugu: mbwa wanabweka, kasuku anatukana watu, na msusi mmoja mwenye gauni la njano amekumbatia kikapu. Ndani yake alikuwa Shangazi, paka aliyeachwa na marehemu mama yake, aliyepewa jina hilo kwa tabia ya kukagua kila mgeni.

"Mgonjwa ni nani, wewe au yeye?" aliuliza mpimaji wa maabara, kijana mrefu mwenye koti jeupe lililochanika mfuko.

"Mgonjwa ni mfuko wako. Ulete nikushonee."

Akauleta kweli. Mfuko ukashonwa, chai ikanywewa, simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nile nini na hujanipigia?"

Mapenzi ni kikohozi. Saluni nzima ikajua.

Damu ya Shangazi ilikuwa imeonyesha figo zimechoka, taka zimejaa mwilini. Akaanzishiwa dawa. Damu ilipopimwa tena, mpimaji alipiga simu saluni.

"Taka imeshuka," alisema.

"Kweli, laazizi?"

"Imeshuka."

Msusi akapiga vigelegele, kitana mkononi, mteja kasukwa nusu kichwa. Hakugundua kwamba mwenzake hakucheka.

Lakini Shangazi alizidi kukonda. Akawa anajificha nyuma ya ndoo, anatapika maji matupu. Msusi akambana kinywa na kumlazimisha dawa, akijiambia inafanya kazi. Alipochoka kujidanganya, akampigia daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi.

"Kwani mpimaji hakukueleza? Nilimwachia yeye kwa kuwa ni mtu wako. Mwanangu, ile taka tunayoipima hutoka kwenye misuli. Paka wako amekwisha misuli, itatoka wapi? Namba inashuka, na figo zinakufa."

Jioni mpimaji alikuta mlango wa msusi umefungwa. Akasimama dirishani.

"Nilisema imeshuka. Sikukudanganya."

"Ukaniacha nimtese! Nambana taya kila siku, nikidhani namponya!"

"Ulifurahi mno. Nikakosa moyo."

"Nani alikutuma ulee furaha yangu?"

Ndani, Shangazi alijaribu kusimama, miguu ikamsaliti. Msusi akafungua mlango, macho mekundu.

"Haya, niambie. Usitie sukari."

"Hatapona. Anaumia. Kinachobaki ni daktari kumchoma sindano, alale moja kwa moja."

"Atasikia?"

"Atasikia sindano. Baada ya hapo, hapana."

"Mwite."

Daktari alikuja na mkoba wake. Msusi akampakata Shangazi, mpimaji akaushika mguu uliokuwa umenyolewa manyoya pale alipozoea kumtoa damu. Paka akamtazama, akamkagua kama mgeni, kisha sindano ikaingia, kichwa kikawa kizito. Daktari akaweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani, akatikisa kichwa, akaaga.

Wakabaki wawili na mwili unaopoa.

"Siku nikiugua mimi," msusi alisema, "utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hata ukinikuta nacheka?"

Mpimaji alichelewa kujibu, na kule kuchelewa ndiko kulikomfanya msusi amwamini.

"Hata nikikukuta unacheka."

Msusi akamfunika Shangazi kwa khanga ya mama yake, akamkabidhi.

"Mbebe wewe. Mimi nakwenda kuazima jembe kwa jirani. Na ukimaliza kuchimba, usiondoke."