Kahawa Chungu ya Ilma

Mzinga wa futari ulikuwa bado haujalia, na foleni ya mkate mbele ya tanuri la mtaa wa Kovači ilikuwa imepinda hadi konani. Ilma alisimama humo na suti nyekundu ya mazoezi ya klabu ya Miljacka, nywele mbichi, njumu zikining'inia begani, tumbo likinguruma bila aibu. Mbele yake kijana mrefu mwenye koti la kijani alipokea mikate miwili, na mwenye tanuri akapangusa mikono.

"Imekwisha. Ngojeni inayofuata."

Kijana akageuka, akaona jinsi Ilma alivyoikodolea macho ile mikate.

"Dada, ukiendelea hivyo utafuturu kwa macho."

"Na wewe ukiendelea kuongea itapoa."

Mzinga ukalia kutoka kilimani. Taa za minara ya misikiti zikawaka moja baada ya nyingine hadi bonde zima la Sarajevo likameta, na hapo hapo kando ya ukuta Vedad, maana ndilo jina lake, akamega mkate wa moto wenye harufu ya habasoda, akampa.

"Unacheza mpira?"

"Beki wa kushoto. Sisi ndio mabingwa wa nchi, usiniambie hujui."

"Mabingwa nilijua wapo. Sikujua wana njaa hivi."

Mtu akikuchekesha mdomo umejaa mkate, basi, umekwisha. Ilma alirudi nyumbani anatabasamu peke yake.

Miezi iliyofuata ilipita kama usingizi mtamu wa mchana. Vedad alikuwa akiuza miwani mtaa wa Ferhadija, na akifunga duka alimfuata Ilma mazoezini. Walitembea kando ya mto, chini ya miti iliyochanua, Ilma na gauni lake jeupe la kitani lililoficha michubuko ya magoti. Miljacka wakachukua tena ubingwa. Sasa lilibaki kombe la klabu bingwa za Ulaya, na mechi za kufuzu safari hii zingechezwa nyumbani.

"Umelala, roho yangu?" Vedad aliuliza kwenye simu jioni moja.

"Nimelala. Hii sauti unayoisikia ni ya ndotoni."

"Basi nikuulize kitu, kuhusu mimi na wewe."

"Baada ya Ulaya, mpenzi. Kwa sasa kichwani mna mpira tu."

Kambi ilipokaribia, daktari wa klabu akawakataza sukari. Ilma hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Aligawa kwa majirani sukari yote ya nyumbani, pamoja na haluwa ya baba yake, mzee Rifet, mgane aliyeanza kunung'unika tangu siku hiyo.

Jumapili moja Vedad alisema mama yake angependa kuja kunywa kahawa. Ilma akajibu karibuni, akidhani kahawa ni kahawa. Mama huyo, Bi Hajra, akaja pamoja na Vedad, kitambaa cha hariri kichwani, bruchi ya dhahabu kifuani na maua ya waridi mkononi. Ilma akaleta mdila wa shaba, akamimina. Bi Hajra akaonja, akaitazama sinia kama mtu aliyepoteza kitu. Akanywa finjani hadi mwisho, akainuka.

"Asante, binti. Tumeelewa."

Vedad alimfuata mama yake nje, na tangu hapo simu yake ikawa inaita bila kupokewa. Kambini Ilma alikosea pasi za kitoto. Siku moja kabla ya mechi ya kufuzu alijifungia bafuni akalia, na kipa wao, Sanita, aliyelelewa na bibi yake, akamgongea, akasikiliza kisa chote.

"Kwani mliwapa nini hao wageni?"

"Kahawa tu."

"Na sukari?"

"Sukari gani, na daktari katukataza?"

"Ilma, mama wa mwanamume kaja kwenu kavaa hariri, wewe umempa kahawa chungu. Kwa wazee hiyo ni kusema humtaki mwanawe."

"Nani anafuata hayo siku hizi?"

"Bi Hajra anafuata."

Ilma akampigia Bi Hajra simu.

"Salaam alaykum, mama. Ni Ilma. Ile kahawa haikuwa jibu. Klabu imetukataza sukari, nyumbani hamna hata punje."

Upande wa pili kikaja kicheko cha kikohozi.

"Na baba yako anaishije?"

"Kwa manung'uniko."

"Mie nimeinywa ile mpaka chini, kwa adabu tu. Sasa mwambie mwenyewe mwanangu."

"Hapokei simu, mama."

"Kesho atakuja uwanjani. Anadhani sijui kwamba kakata tiketi."

Kesho yake Miljacka waliifunga timu ya Norwe bao moja, kwa krosi ya Ilma. Wenzake walirukiana kwa furaha, yeye akaenda moja kwa moja kwenye uzio. Vedad alikuwa hapo, macho mekundu.

"Hongera. Ulichagua vizuri."

"Nilichagua nini?"

"Mpira. Mama aliniambia jibu lako."

"Mama yako nimeshaongea naye. Daktari alitukataza sukari, hakuna zaidi. Wewe nakuuliza, uliniuliza lini?"

Vedad akaushika uzio.

"Niliogopa. Kila nikianza unasema baada ya Ulaya. Nikaona mama aje, ukikataa umkatae yeye."

Moyo wa Ilma uliwaka kwa hasira na mapenzi, asijue kipi kinamzidi mwenzake.

"Nimelia kambini, Vedad. Na wewe simu mfukoni."

"Nisamehe."

"Bado. Niulize kwanza."

"Hapa, mbele ya watu wote hawa?"

"Hapa."

Mashabiki waliokuwa karibu wakaacha kuimba.

"Ilma, utaolewa nami? Wewe na Ulaya yako, na mechi zako, na hayo magoti."

"Nitaolewa nawe," alisema Ilma, kwa sauti iliyofika hadi safu za juu, asije mtu mwingine yeyote akamjibia tena.