Dole Gumba la Mbona

Habari hii ni ya kweli tupu, haina chumvi hata punje. Anayebisha akamuulize fundi vigae mwenyewe, akimkuta hana ndoo mkononi.

Jumamosi hiyo asubuhi fundi vigae alikuwa sebuleni, simu mapajani, anaikodolea macho kana kwamba imemtukana. Kando yake alikaa mtoto wa kaka yake, binti wa miaka kumi na miwili. Nyumba nzima ilimwita Mbona, maana alikuwa haanzi sentensi kwa neno jingine.

Shangazi alikuwa amepata kazi ya kuweka vigae katika hospitali mpya, vyumba kumi na vinne. Kilichobaki ni kujisajili mtandaoni kabla ya saa sita mchana: jina, picha ya uso, na picha ya ncha ya kidole gumba, ambacho ndicho kingemfungulia geti kila asubuhi. Jina lilikubaliwa. Uso ulikubaliwa mara ya nne. Kidole ndicho kilichogoma.

"Alama hazisomeki. Jaribu tena," Mbona alisoma.

"Nijaribu mara ngapi? Inataka nikiimbie?"

"Mbona vidole vya watu wengine vinasomeka?"

"Vya watu wengine havijasugua saruji miaka ishirini, mwanangu."

Ilipobaki dakika tano, shangazi alikimbilia jikoni kunawa tena kwa sabuni. Mbona akabaki na simu. Akatazama saa ya ukutani, kisha akaweka kidole gumba chake mwenyewe mbele ya kamera, kujaribu tu, aone itasemaje. Simu ikalia. *Hongera, fundi. Usajili umekamilika.*

"Imekubali!" akapaza sauti kabla hajafikiri.

Shangazi alitoka mbio, mikono inachuruzika maji. "Ile picha ya mwisho? Si nilisema dawa ni sabuni?"

Mbona akaficha dole gumba lake ndani ya kiganja. "Ndiyo, shangazi. Ni sabuni."

Jumatatu wakaongozana, kwa kuwa shule ilitazamana na geti la hospitali. Foleni ilikuwa ya watu arobaini. Shangazi aliweka kidole kwenye kioo cha mashine, taa nyekundu. Akarudia, nyekundu.

"Mama, sogea wenzio tupite!" fundi bomba mmoja nyuma yake alifoka. "Hicho si kigae, hata ukikandamiza hakigandi!"

Mbona akachomoa leso. "Ngoja nikufutie kioo, shangazi." Akafuta, na katika kufuta huko dole gumba lake likatua katikati. Taa ya kijani! Geti likafunguka.

"Mtoto ana mkono wa heri huyu," mlinzi alisema. Jumanne mchezo ukawa uleule, na Jumatano pia. Shangazi akawa anamtangaza kwa mafundi wote: "Mfutaji wangu huyo!" Kila akisifiwa, Mbona alikazana kukunja leso.

Lakini udadisi haukumwacha. Mbona ile simu ilikikataa kidole cha shangazi? Jumatano baada ya masomo alisugua penseli kwenye karatasi mpaka ikawa nyeusi tii, akampaka shangazi weusi huo kidole kimoja kimoja na kukikandamiza kwenye daftari. Tisa vilitoka doa tupu. Cha kumi, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilitoka na mistari safi kama ya jani.

"Mbona hiki kizima?"

"Hicho huwa nakinyanyua nikiweka kigae," shangazi akacheka. "Kikigusa saruji mbichi, kinaacha shimo. Mwalimu wangu wa ufundi alinikataza kabisa."

Alhamisi kulikuwa na mtihani wa alfajiri, na Mbona akawahi shuleni peke yake. Saa nne, wakati wa mapumziko, alichungulia dirishani. Shangazi alikuwa bado nje ya geti, ameketi juu ya ndoo yake, ameshika tama.

Mbona akaomba ruhusa kwa mwalimu, akavuka barabara. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amesimama getini na karani wake. "Ikifika saa tano hujaingia, mama, vyumba nampa fundi mwingine."

"Huyo hapo mfutaji wangu!" shangazi akasimama. "Njoo, mwanangu, tufutie, niokoe."

Leso ilikuwa mkononi tayari. Kufuta mara moja tu, na shangazi angeingia. Na kesho je? Mbona akairudisha leso mfukoni.

"Tatizo si kioo, shangazi. Ni kidole changu. Jumamosi nilikipiga picha kidole changu, nikakudanganya kuwa ni sabuni."

Karani alifungua kompyuta, akashika kichwa. "Kumbe mashine ilikuwa inasema kweli siku zote!"

"Kwa hiyo fundi wangu ni mwanafunzi?" msimamizi aliunguruma. "Huu ni udanganyifu. Naweza kumfukuza sasa hivi."

"Yeye hakujua. Kosa ni langu." Mbona akafungua daftari lenye alama za vidole alilokuja nalo. "Mbona msijaribu hiki cha mwisho? Kina mistari."

Msimamizi alilitazama daftari, kisha akampa karani ishara kwa kidevu. Karani akafuta usajili wa zamani, akasajili kidole cha mwisho cha kushoto, shangazi akakiweka kwenye kioo. Nyekundu. Shangazi akakipangusa kwenye gauni, akakiweka taratibu. Kijani.

Hakuingia mara moja. Alimgeukia Mbona. "Leo umenisaidia kweli, kwa kuuliza na kuchunguza. Jumamosi hukunisaidia, ulijifanya mimi, na uongo ule ulitaka ulishwe kila asubuhi. Kitu kikigoma, sema kimegoma, tutafute njia wote. Kesho kutwa utanisugulia ndoo zote sita za saruji. Na leso hiyo ukaifue, kazi yake imekwisha."

Mbona alizisugua zote bila kuuliza mbona.

Sasa, shangazi amesomewa habari hii. Ameguna, akasema foleni ilikuwa ya watu kumi na mmoja, si arobaini. Haya, nimekamatwa. Nawarudisha kwao watu ishirini na tisa, na mimi pia nimeshapewa brashi na ndoo ya kwanza ya kusugua.