Kikohozi Chini ya Sakafu

Mniwie radhi, hadithi hii nitaiharibu. Wanaojua kusimulia habari za majini huanza na upepo na bundi. Mimi naanza na choo, kwa hiyo kama unakula, sukuma sahani kando kwanza.

Kidega alikuwa polisi mstaafu, na kiinua mgongo chake chote alikizamisha katika nyumba ya vyumba vya kupanga, mteremkoni mwa kilima cha Lubaga. Wenzake walimwonya kama anavyoonywa kila mnunuzi mgeni: kaikague mvua ikinyesha, waulize majirani, ujue nyumba imekalia nini. Kidega hakuuliza lolote, maana muuzaji alikuwa Hajati Rukiah, mama mkwe wake. Kwa Waacholi kama yeye, mama mkwe hatazamwi usoni, sembuse kuulizwa familia yake ilijisaidia wapi miaka yote ile.

Siku ya kwanza alipotia ufunguo chumba cha mwisho, mtu akakohoa ndani. Ehem. Kikohozi kile tunakijua sote: cha mtu aliyechuchumaa chooni, amesikia nyayo, anakuambia usubiri. Kidega kwa adabu zake akasubiri. Alipofungua, chumba kilikuwa kitupu.

Akakipangisha kwa Aol, muuza nguo wa soko la Nakivubo. Mwezi haukuisha, Aol akamjia ameziba pua kwa leso, sauti chini.

"Afande, nani anakaa chini ya kitanda changu?"

"Panya, mama."

"Panya haombi maji ya kujisafishia."

"Ukamfanyaje?"

"Nikasukuma birika la chai uvunguni, nikafumba macho. Lilirudi, Afande. Mshikio wake..."

"Usiendelee."

"Siendelei. Nahama."

Wapangaji wengine wakamfuata, na Kidega akaona uzee wake mzima unaondoka na magodoro yao. Mchana mmoja wa mvua akaingia chumbani na mkewe Rahmah. Pale katikati sakafu ilikuwa inatoka jasho, duara jeusi lenye joto kama paji la mgonjwa, na harufu ikapanda, si ya panya wala ya mfereji, bali nzito na tamu, harufu inayokaa ulimini hadi unataka kuukwangua, na nzi wakachomoza kwenye ufa mmoja mmoja, wamelowa, wakitembea kwa sababu mabawa yalikuwa yamegandana, na chini ya soli za viatu vyake kitu kikasafisha koo taratibu, kama mzee aliyechoka kusumbuliwa.

"Rahmah," alinong'ona, "choo cha mama yako kilikuwa wapi?"

"Umekisimamia. Baba alikijaza takataka, akamwaga sementi, akajenga."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa na haya na mama. Na mimi ulinionea haya gani?"

Wakamwita Shehe Yasiin. Alisoma, akasikiliza, akakunja uso.

"Huyu hakuwavamia. Mmemjengea chumba kichwani akiwa hajamaliza. Vunjeni."

Walipovunja, kilichofurika sitakieleza. Shehe mwenyewe alitapika kanzuni. Nzi wakainuka wote pamoja, wakaunda umbo la mtu aliyechuchumaa, na umbo likajinyoosha, likatoka polepole mvuani hadi uani, kwenye choo kipya ambacho Kidega alikuwa amekijenga baada ya wapangaji kuhama, na hakuna aliyekuwa amekitumia. Mlango ukajifunga. Ehem.

"Mwacheni huko," Shehe alisema. "Bisheni hodi, msimharakishe. Na chumbani asikaribishwe na mtu."

Shimo likafukiwa kwa mawe, sakafu mpya ikamwagwa, kodi ikashushwa. Haya yote Kidega alinieleza kabla sijapanga kile chumba. Mimi nikauliza bei tu. Naishi pale peke yangu. Kila asubuhi nasimama uani nimebana miguu, nabisha, nakoholewa, nangoja.

Juzi tumbo lilikuwa limenichafuka, subira ikaniishia. Nikamwambia kiungwana, "Ndugu yangu, nipishe kidogo, ukaningojee chumbani."

Akanipisha. Bado ananingojea.