Mistari Thelathini na Minne

Kila alasiri baada ya shule, Hasina alipitia karakana ya baba yake karibu na soko la Kibwezi, akaweka mkoba juu ya ndoo na kusimama upande wa kushoto wa mashine ya kukereza vyuma. Kazi yake ilikuwa kusoma. Alisoma mistari midogo iliyochongwa kwenye gurudumu la mashine, mistari myembamba kama unywele, kwa sababu macho ya baba yake, Bwana Hemedi, yalikuwa yameingiwa na ukungu tangu mwaka uliotangulia. Wateja hawakujua. Walidhani binti anafundishwa kazi, na wengine walimsifu baba yake kwa hilo. Hemedi alitabasamu tu.

Kusema kweli, Hasina alikuwa amechoka kuwa macho ya mtu mwingine. Wenzake wa darasa la saba walicheza mpira wa pete kila jioni, naye alinusa mafuta ya mashine.

Kwa hiyo siku kifurushi kilipofika kutoka Mombasa, alifurahi kumshinda baba yake. Ami yake Yakub, aliyefanya kazi bandarini, alikuwa ametuma kipimo cha urefu kinachotumia umeme, cha kufungwa kwenye mashine. Kilikuwa na rula ya kioo ndani ya kasha la alumini, kichwa kidogo kilichoteleza kwenye rula kikiisoma, na sanduku lenye namba kubwa nyekundu.

"Namba hizi hata mimi naziona," Hemedi alisema, akicheka peke yake.

Alhamisi walikifunga. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, Hasina akamfafanulia baba yake. Rula lazima inyooke sambamba na njia ya mashine, ile reli ambayo kisu hutelezea. Ili kuhakikisha, wangetumia saa ya kupimia, ile yenye sindano moja, na kuipitisha kutoka mwanzo wa rula hadi mwisho. Sindano isisogee zaidi ya mistari kumi. Ikizidi hapo, kichwa kitakwaruza kioo na kuruka namba.

Hemedi alikaza skrubu, akasukuma saa polepole. Wakati huohuo Kalondu, mwenzake wa darasa, alitokea mlangoni na mpira kwapani.

"Hasina, tunakungoja wewe tu. Mwalimu amekasirika."

Hasina aliinama kutazama sindano. Ilikuwa imesogea mistari thelathini na minne. Hapo ni kulegeza kila kitu na kuanza upya, na jioni yote ingeishia humo.

"Inasemaje?" Hemedi aliuliza.

"Iko sawa, Baba."

"Mistari mingapi?"

"Minne."

Baba yake alimwamini. Kwa nini asimwamini? Akakaza skrubu za mwisho, akamwambia binti yake aende akacheze.

Jumatatu Mzee Ndolo, mkulima wa nyanya kando ya mto, alileta shafti ya pampu iliyolika, akaomba mpya. Hemedi aliikereza asubuhi, Hasina akiwa shuleni, akitazama namba nyekundu kwa raha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kesho yake Ndolo alirudi nayo.

"Fundi, hii shafti inacheza ndani ya bearingi kama mtoto amevaa kiatu ya baba yake. Pampu haivuti maji."

Hemedi alitengeneza ya pili. Nayo ikatoka nyembamba.

Hasina alipofika Jumatano, alikuta shafti zote mbili mezani. Ndolo alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki, na Hemedi alikuwa akiifunika mashine kwa turubai.

"Peleka Machakos, mzee," Hemedi alisema bila kuinua kichwa. "Usilaumu kipimo. Ni mimi. Mkono wangu umekwisha."

"Machakos nitangoja siku tatu, fundi. Nyanya yangu imeanza kulala chini."

Hasina angeweza kunyamaza, hakuna mtu mwingine aliyeiona ile sindano. Lakini baba yake alikuwa akifunga kamba ya turubai fundo baada ya fundo.

"Baba, usiifunike," alisema. "Siku ile sindano haikusogea mistari minne. Ilisogea thelathini na minne. Niliiona. Nilitaka kwenda kucheza."

Ndolo alitazama viatu vyake. Hemedi hakufoka, na Hasina aliona afadhali angefoka.

"Siku mbili hizi nimejiona mtu bure," baba yake alisema taratibu. "Nilikuwa najiuliza nitawalisha kwa kazi gani. Nawe ulikuwa unajua."

"Sikujua itafika hapa. Nisamehe, Baba."

Hemedi akaanza kufungua mafundo. "Lete spana," alisema.

Walilegeza rula, wakapachika kipande cha bati la kopo nyuma ya ncha moja. Hasina alisoma kwa sauti. Ishirini na sita. Kumi na tisa. Kumi na mbili.

"Si hiyo inatosha, mwanangu?" Ndolo aliuliza. "Ni mistari mbili tu imebaki."

"Haitoshi, mzee. Mwisho ni kumi."

Waliendelea mpaka akasema saba, na baba yake akauliza tena, naye akajibu tena saba. Shafti ya tatu ilipotoka, Hasina aliipima mwenyewe kwa maikromita. Iliingia kwenye bearingi aliyokuja nayo Ndolo, ikakaa kimya.

Ndolo aliposhukuru, Hemedi alimzuia mkono. "Mzee, na mimi nina langu. Mwaka mzima sioni vizuri, na nimewaficha. Mtoto huyu ndiye amekuwa akinisomea."

"Ukungu?" Ndolo alicheka kidogo. "Mke wangu Mbula alitolewa kule hospitali ya Mutomo. Siku hizi ananiona hata nikificha tumbako. Twende wiki ijayo, nikupeleke."

Ndolo alipoondoka na shafti yake, Hemedi alimgeukia binti yake.

"Kipimo kinasema kilichopo, hata kama hatukipendi," alisema. "Ukikibadilisha mdomoni, chuma hakibadiliki. Mtu mwingine ndiye anayeumia, tena bila kujua anaumizwa na nini. Hilo nimelifanya mimi kwa macho yangu, nawe kwa mdomo wako. Tuliache leo, sote wawili."

"Ndiyo, Baba."

"Na Kalondu akija kesho na mpira, nenda ukacheze. Ila kwanza niambie sindano iko wapi."