Nakala Thelathini za Mpishi

"Leo usikate," mchoraji alisema simu ilipopokelewa. "Nisikilize kwanza, ndipo ukate."

Upande wa pili sufuria ziligongana, kisha zikawekwa chini. Mpishi alikuwa anasikiliza.

Miezi minane tangu waachane, mchoraji, dada wa watu, alikuwa amekonda kwa kumwaza. Kosa lilikuwa lake, na majuto ni mjukuu. Mpishi alilelewa kwa mjomba, ambako kila tonge lake lilichekwa, na tangu hapo hakula mbele ya mtu. Mmoja tu ndiye aliyemwona akila, naye ni huyu mpenzi wake: kachuchumaa kando ya sufuria, mashavu yamejaa, macho kayafumba. Mapenzi yakamzidi, akamchora. Angeishia hapo tusingekuwa na kisa. Lakini akauhamishia mchoro kwenye bamba la shaba, akachapa nakala thelathini za maonyesho bila hata kumuuliza mwenye uso. Moja ikanunuliwa na bosi wa mpishi, ikatundikwa kwenye ukumbi wa chakula. Wahudumu walimtambua kabla ya chai ya saa nne.

"Nilidhani nakusifia," mchoraji alisema.

"Ulinisifia kwa watu. Mimi nilikula mbele yako."

Hapo mchoraji alilia, wala hakuficha. Akamweleza kwamba amepita nyumba hadi nyumba akiziomba nakala zile. Amerudishiwa kumi na moja, ikiwemo ya bosi.

"Na bamba nimelikwaruza kwa msumari, kona hadi kona. Halitachapa tena."

"Hizo kumi na tisa?"

"Ziko kwenye kuta za watu. Wenyewe wamekataa. Siwezi kukudanganya."

Simu ikakatika. Mchoraji alikaa sakafuni, akajua basi tena. Jioni ujumbe ukaingia: "Kesho mchana nitapika. Uje mikono mitupu. Hata penseli usije nayo."

Huyu mchoraji ni mtu anayelala na penseli kwenye nywele. Akajibu: "Nitakuja."

Kesho yake mpishi alipakua sahani mbili, akaketi, akasita. Kisha akala, taratibu, mpaka macho yakajifumba yenyewe. Mchoraji alitamani karatasi hadi vidole vikamuuma. Akavikalia.

"Unaniangalia," mpishi alisema bila kufumbua macho.

"Nakuangalia tu."

"Haya. Angalia."