Pale Lami Inapoishia

"Hema lina tundu."

Maneno matatu tu, kisha simu ikakatika. Barafu, mpelelezi wa siri, aliirudisha mfukoni. Maana yake aliijua: katika magari manne ya msafara huu, moja limebeba vilipuzi. Vitapokelewa milimani na wageni wanaotaka kulibomoa bwawa linalonywesha mji mzima.

Gari lipi? Makao makuu ya usalama hawakujua. Kazi yake ilikuwa kulijua kabla lami haijaisha.

"Nani huyo?" shemeji yake aliuliza bila kuinua macho kwenye ramani.

"Watu wa bima."

"Waambie unapanda mlima na dereva kama mimi. Watakukimbia wenyewe."

Walikuwa kwenye gereji ya shemeji, Ijumaa, saa mbili asubuhi. Ramani ilitandazwa juu ya boneti ya Land Cruiser, imekandamizwa na chupa ya chai. Miaka yote shemeji ndiye aliyepanga safari hizi. Alisoma orodha kwa sauti: kamba ya kuvutia, koleo, pampu ya upepo, maji lita ishirini kwa kila mtu. Huko hakuna kambi wala mlinzi. Kila gari huchagua bonde lake, mbali na macho ya mengine.

Raha tupu kwa wapenda utulivu. Na kwa mwenye mzigo.

"Wewe panda na daktari wa meno," shemeji alisema. "Langu limejaa."

Barafu aliitikia kwa kichwa. Tangu azike mkewe mwaka uliopita alikuwa amekufa ganzi. Chakula hakikuwa na ladha, hatari haikumshtua. Dada yake ndiye aliyemshika mkono: alimpikia, akamfulia, akamtuma mumewe amtoe nje apate hewa. Ndivyo alivyoanza kwenda safari hizi.

Saa tano lami iliisha. Magari yakasimama.

Hapa palikuwa na sheria moja, na aliyeiweka ni shemeji mwenyewe: toa upepo kwenye matairi. Kipimo kishuke kutoka thelathini na nane hadi kumi na nane, tairi lilainike juu ya mawe. Asiyetoa hapa, arudi kwao.

Daktari wa meno alichuchumaa. Fsss.

Mwalimu. Fsss.

Fundi wa lifti. Fsss.

Kwenye gari la nne shemeji alikuwa amechuchumaa vizuri kabisa, kipimo mkononi, vidole vikihangaika kwenye valvu.

Kimya.

Barafu alimwendea, akachomeka kipimo chake. Thelathini na nane.

"Hujatoa, shemeji."

"Nitatoa mbele."

"Mbele wapi? Ulinifundisha mwenyewe, hapa hapa."

Barafu akaelewa. Gari lenye kilo mia tatu za vilipuzi zilizofichwa chini ya sakafu halitolewi upepo. Tairi litabonyea hadi rimu igonge jiwe. Mkono wa shemeji ukaelekea mlangoni.

Bastola ya Barafu ilimfikia ubavuni kwanza.

"Taratibu. Usimfanye dada yangu mjane."

"Utanipiga risasi, wewe?"

"Ndiyo."

Shemeji alimtazama machoni akimtafuta ndugu. Hakumpata.

"Bonde la pili," alisema kwa sauti ya chini. "Saa kumi."

Barafu alibonyeza redio. "Makao, tundu nimeliona. Bonde la pili, saa kumi."

"Dereva?"

"Mume wa dada."

"Rudia."

"Mmesikia."

Saa kumi kamili, Barafu aliliingiza gari hilo bonde la pili, kofia ya shemeji kichwani. Wanaume wawili walitoka hemani wakitabasamu. Askari waliokuwa wamejificha nyuma ya majabali wakawafunga pingu.

Simu ikaita. Dada.

"Mmefika, mdogo wangu? Mwambie shemeji yako sweta lake liko chini ya kiti. Huko kuna baridi."

Barafu aliingiza mkono. Lilikuwepo, limekunjwa vizuri, linanukia sabuni ya nyumbani kwa dada yake. Kitu kikamchoma kifuani, mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Kiliuma kweli.

"Nimeliona."

"Mtarudi Jumapili?"

"Mimi nitarudi."

"Nimeuliza nyinyi."

Barafu aliizima simu, akamkabidhi askari sweta.

"Mpelekee mume wa dada yangu. Ameshikiliwa kule lami ilipoishia."

Kisha akaanza kushuka mlima kwa miguu, bila haraka.